Majina ya Mungu Pahali pa Kukalia

Siku hizi nikipita kwa mwalo ya Baraka, pale boti zinafikia kwa ziwa, nashusha kofia mpaka kwa macho, na mi si mutu wa kuficha uso. Mi ni Wilondja, nilianza na kubeba mizigo ya batu kwa kichwa, nikapata shamba Lubondja, nikauza shamba nikapata boti, na hakuna mutu alinisaidia hata na musumari. Kwa hiyo kama munataka kucheka, mucheke polepole, juu ile boti ndiyo ilikuwa maisha yangu yote na leo imelala kwa muchanga kama mugonjwa.

Ilianza na kitu kidogo. Hapa kwetu boti zinaandikwaka jina ya Mungu inje, kwa ubavu, na maji inakula rangi polepole mpaka herufi zinabaki nusu. Nikasema mi sitaki Mungu wa kuoshwa na mawimbi. Tena kwa ubavu mutu anaandika jina moja tu, na abiria wa huku ni Baislamu, ni Bakatoliki, ni Baprotesta, na bazee ba milima benye wanamuita Mungu kwa Kibembe tangu babu zao. Nikafikiri (mi mwenyewe, na kichwa hii munaona): niandike ndani, kwa mbao za kukalia, kila ubao na jina yake, mutu akiingia tu aone kwao, akae, atulie. Mama Sifa, bibi yangu wa ndoa, akaniuliza, "Umeuliza batu?" Nikamujibu, "Boti ni ya batu ao ni yangu?" Akaendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo, na mi nikafikiri nimeshinda.

Kitu moja tu kilinisumbua: namna ya kutamka. Mi nilisoma shule ya primaire kidogo nikaacha, na sikutaka siku ya kushusha boti kwa maji nisimame mbele ya batu nitamke vibaya. Nikaenda kwa Mzee Shabani, rafiki yangu, mufanyabiashara wa samaki, akaniambia, "Kaza ulimi juu, Wilondja, jina itoke nzito, usiitupe kama unaita mbuzi." Nikasema Allah mpaka akafurahi. Pasta wetu akanifundisha Yehova, halafu katekista akaniambia hapana, wataalamu banasema Yahwe, basi nikaweka yote mbili, kila moja na ubao wake, wasigombane. Shangazi yangu akanirudisha kwa Abeca ya Kibembe, akasema jina ya bazee haisemwi mbio. Nzambe nilikuwa nayo tayari, naijua na Lingala ya basoda wa jeshi. Ile ya Kifaransa ndiyo ilinitesa, mutoto wa ndugu yangu akacheka mpaka machozi: "Papa, kunja midomo kama unapuliza moto." Nikapuliza moto wiki muzima, Mama Sifa akafikiri nimekuwa mugonjwa.

Fundi Asukulu akaandika. Nyeupe juu ya buluu, herufi kubwa, rangi ya mafuta. Nilimuambia, "Weka ile haitoke hata kidogo." Akaweka.

Basi siku ikafika, safari ya kwanza ilikuwa ya kupeleka bamama soko ya Swima, mwalo imejaa, pasta iko, katekista iko, Mzee Shabani iko na kanzu safi. Nikasimama ndani ya boti, nikatamka majina yote, moja moja, na batu wakapiga mikono, hata Shabani akatikisa kichwa kusema ndiyo. Ile dakika nilijiona murefu. Nikasema, "Sasa muingie, kila mutu akae kwa jina yake."

Mama mumoja wa samaki, muzito, na beseni kwa kichwa, akainua muguu, akaangalia ubao, akarudisha muguu chini.

"Papa Wilondja," akasema, "mi nikae hapa juu?"

"Ndiyo, mama, ni kwenu."

"Niweke matako yangu juu ya jina ya Mwenyezi Mungu?"

Nawaambia kweli, mpaka ile saa, hiyo neno haikupita kwa akili yangu hata mara moja. Mzee Shabani akaangalia chini, akasema kwa sauti ya huruma (na ile huruma ndiyo iliniua), "Rafiki yangu, ulichunga mudomo, ukasahau matako."

Mutu mwenye akili angeomba musamaha pale. Mi nikatafuta dawa. Nikasema tutandike mikeka juu ya mbao. Katekista akauliza, "Unamufunika Mungu ndiyo tumukalie vizuri?" Batu wakacheka, damu ikanipanda kwa kichwa, nikasema neno yenye najuta mpaka kesho: "Basi mubadilishane. Mutu wa Allah akae kwa Yehova, mutu wa Yehova akae kwa Allah, kila mutu akalie ya mwenzake." Hakuna mutu alicheka tena. Bamama wakabeba beseni zao wakaenda kwa boti ya mutu mwingine. Shabani akakunja kanzu yake, akaondoka bila kuniaga, na yeye ndiye alikuwa apakie samaki yake kwangu kila siku ya soko.

Nikamugeukia fundi. "Asukulu, kwangua hizi vitu."

"Papa, mi nilikubali kuandika," akasema. "Kufuta jina ya Mungu sikukubali. Tafuta mwingine."

Nilitafuta. Hakuna. Kupaka rangi ingine juu, wanasema ni kumupaka Mungu usoni. Kung'oa mbao haiwezekani, ndizo zinashika mbavu za boti, ukizitoa inafunguka kama ganda ya karanga. Nikachukua randa mimi mwenyewe, nikapiga magoti mbele ya ubao wa Abeca, na mukono ikakataa. Mi, mwenye kupasua miti tangu ujana. Mama Sifa alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema tu, "Twende nyumbani, baba Sifa."

Sasa kwa mwalo wananiita Kalia-Mungu. Asubuhi nafika kufukuza mbuzi za batu, zinalala kwa zile mbao, moja pa Allah, ingine pa Yahwe, zinacheua, hazigombane, na mavi yake napangusa na shati yangu, juu siwezi kupitisha ufagio pale. Jua imeanza kupasua boti kwa mishono. Rangi ya fundi haijatoka hata nukta.

Wenye boti, mubaki na jina moja kwa ubavu, muache maji iikule, maji inajua kazi yake. Na muulize bibi zenu. Mi hata nikipewa boti ingine, sitaweka herufi ndani.

Inabaki mvua tu, mvua ya miaka, ndiyo inaweza kufuta bila zambi ya mutu. Nataka kuiomba. Nafungua mudomo, majina yote nayajua na nayatamka vizuri kupita hata pasta, na hakuna hata moja inatoka, juu naona haya kumuita Ule niliyemufanya kiti.