Embe za Kofia

Mama yangu alipokuwa mgonjwa kwao Bububu, hata uji alikuwa akiusukuma. Siku moja akaniambia, "Nna hamu ya zile embe zako za kofia." Nilifurahi nusura nilie. Mgonjwa akitaja chakula kwa jina, unapata matumaini.

Embe za kofia asili yake nilifundishwa skuli, nyumbani nikazigeuza. Unakata embe, unazitia sukari na iliki, unazilaza kwenye sufuria. Juu yake unatandaza unga wa ngano uliofikichwa kwa samli na sukari. Unafunika, unapalia makaa: chini kidogo, juu ya mfuniko mengi. Mara ya kwanza nilipompikia, mama alikula kofia yote, embe akatuachia sisi.

Lakini miaka ile unga wa ngano ulikuwa wa kubahatisha. Nilisimama foleni na mtoto mgongoni, jua likatuchoma sote wawili, nikarudi na unga wa kofia moja tu.

Nilipika alasiri, nyumbani kwa mume wangu, mjini, ili asubuhi nipande gari la Bububu. Sijaondoa hata makaa, wageni wake wakaingia. Mkwe wangu, mamake mume wangu, akanijia jikoni.

"Yanukia mpaka njiani. Pakua."

"Hizi za mama, mgonjwa. Wageni ntawapikia chai."

"Chai na nini? Na ushungi wako? Mgeni akishasikia harufu, chakula ni chake. Unataka tutangazwe mji mzima?"

Mume wangu alikuwa kasimama mlangoni. Nikamtazama. Akasema, "Pakua tu, mama utampikia tena."

Tena, kwa unga upi? Nilisoma mpaka darasa la kumi na mbili, kubishana najua kwa lugha mbili, na siku ile nikasema "Naam", nikapakua.

Wageni wakasifu. Mmoja akaomba aongezwe. Kofia waliimaliza, embe wakaziacha, maana kwao wana miti yake.

Asubuhi nikampelekea mama zile embe kwenye bakuli. Akatia kijiko, akageuza, akatafuta.

"Mbona kichwa wazi? Kofia imepeperuka garini?"

"Walikuja wageni, mama."

"Aa. Wageni." Akala kijiko kimoja, akasema embe tamu, akanirudishia bakuli. "Kampe mtoto."

"Nikipata unga tu, ntakuletea na kofia yake."

"Inshallah, mwanangu."

Unga ulipoonekana tena dukani, hitima ya mama tulikuwa tushaisoma.

Watu wananiambia ilikuwa kudra. Kufa kwake ndiyo kudra, sibishi. Kofia yake haikuwa kudra. Ililiwa na watu wazima wenye afya zao, na mimi ndiye niliyewapelekea sahani.

Siku hizi nikipata unga napika. Mkwe wangu anazipenda kuliko sote. Nikiepua tu, kabla hajakaa mtu, nakata pande la kofia, naliweka kwenye sahani pembeni, nalifunika kawa.

"La nani hilo?"

"La mama."

"Mama'ko si..."

"Hilo la mama. Pakua hizo zilizobaki."

Hunyamaza, akapakua. Kumbe hunyamaza! Neno lenyewe fupi namna ile, na alasiri ile nilikuwa nalo mdomoni, nikaliacha nikasema "Naam".