Nilisema Nimeona Maiti Yake, Sasa Anakula Kwangu Kila Jumapili

Admin, usiweke jina langu, maana hapa mtaani Langas wananijua. Mimi ni fundi wa baiskeli, miaka arobaini na tisa, na nina mke ninayempenda mpaka naona haya kusema.

Kabla hajawa wangu, Mama Neema alikuwa mke wa rafiki yangu, nimwite Wafula. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipolipuka, Wafula alipotea. Mimi ndiye niliyewaambia wazee wa kwao kwamba niliona maiti yake kando ya barabara ya kwenda Soy. Kwa kuwa mwili haukupatikana, walizika mgomba badala yake, kama desturi yetu ilivyo. Niliubeba mgomba huo pamoja nao. Baada ya miaka miwili nikamuoa mjane, na tukaishi vizuri.

Mwaka jana Wafula akarudi. Alikuwa amekimbilia Uganda, na huko akaambiwa nyumba yake iliteketea na mke na mtoto ndani. Alinikumbatia akilia, akanishukuru kwa kumlea binti yake Neema. Nikamwambia karibu, hapa ni kwako. Mdomo huu wangu!

Sasa kila Jumapili anakula kwangu. Majirani wananisifu eti nina roho safi. Hawajui ninavyokaa pale nikisikiliza mke wangu anavyocheka akiongea naye. Jumapili iliyopita Mama Neema alipika kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba peke yake, akaikata vipande viwili. Chakula kilinishinda.

Wafula alipoondoka nikamuuliza mke wangu, "Hiyo firigisi uligawa ya nini?"

"Huyu mtu tulimzika akiwa hai," akanijibu. "Wewe wivu wa nini? Si mimi niko hapa na wewe?"

Wazee wameamua mgomba ufukuliwe mwezi ujao ili Wafula ahesabiwe hai tena, na mimi lazima nisimame kaburini nieleze niliona nini. Wote wanadhani nilikosea kwa sababu ya hofu.

Ukweli ni huu. Niliona mtu amelala kifudifudi, amekufa, koti lake kama la Wafula. Ningeweza kumgeuza nione uso. Sikumgeuza. Nilikuwa nampenda mke wa Wafula tangu zamani, na nilitaka maiti ile iwe yake.

Nikisema haya, Mama Neema ataniacha. Nikinyamaza, nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Na Wafula ameomba siku hiyo asimame kando yangu, anishike mkono, nisiogope.

Ndugu zangu, mniambie bila kunificha: nifungue mdomo, au nimeze?