Dereva Anayeingia Kwake kwa Kunyata

"Bibi, nasema mume wangu ana wazimu!" mke wa dereva wa lori aliniwakia nilipokwenda kumjulia hali mbwa wao. "Nimemzalia wanne, hajaninyatia hata siku moja!"

"Vunjika goti, mjukuu wangu, utanyatiwa."

Mbwa alikuwa amepasuliwa goti na kutiwa chuma, na daktari wa mifugo alionya kwamba akiruka kabla ya wiki sita kwisha, mguu ndio basi tena. Naye akisikia tu sauti ya bwana wake, huruka. Sauti yenyewe, siongezi chumvi, dereva akipiga chafya kuku wa mtaa wa tatu hutaga kabla ya siku zao. Basi siku hizi lori hulizima mbali, akaja peku, viatu mkononi. Asubuhi humpitishia mgonjwa taulo chini ya tumbo, akamshikilia aende haja, huku akimnong'oneza, "Polepole, mama."

"Mama! Mimi huniita 'wewe'!" mke alizidi kufoka. "Leo akirudi nita..."

Mlango wa nyuma ulisukumwa taratibu. Pandikizi la mtu likaingia likinyata, kidole mdomoni. Mbwa akapiga mkia sakafuni, akabaki amelala.