Kiti cha Karibu na Mlango

Kila Jumatano saa sita mchana, karani wa idara ya masomo ya makabila na jinsia hupanga viti kumi na vinne kwa duara, ili asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Cha kumi na tano, chake mwenyewe, hukiweka nje ya duara, karibu na mlango. Hapo huandika kumbukumbu za kikao cha wanafunzi kwa penseli fupi, huku akimenya machungwa ya uani kwake mjini Fresno, California, na kuyapitisha kwa nyuma, kipande kipande, bila kuuliza nani anataka. Kukaa kwake nje kulimkera Citlali, mwanafunzi aliyejiunga mwaka huu. Watu wanabishana saa nzima kuhusu nani kaachwa nje, na mwenzao yuko pale na maganda yake?

Jumatano iliyopita akakivuta kile kiti mpaka ndani. "Mama, hapa ndipo pako."

Karani akaguna, akakirudisha. "Mwanangu, humo mnaonana nyuso, na uso unajua kudanganya. Mimi niachieni migongo."

Citlali alitaka kumbishia, ila Pheng, mwanafunzi wa kiti cha mkabala wake, alikuwa ameshaanza vichekesho vyake, na duara zima likacheka. Karani hakucheka. Aliweka penseli chini, akaenda akamwekea Pheng kiganja mgongoni, akakiacha hapo. Pheng akanyamaza katikati ya neno.

"Ijumaa naacha chuo," akasema. "Sijamwambia mtu."

Miezi miwili Citlali alikuwa akikaa na Pheng uso kwa uso.