Mwalimu Aliyehesabu Nyuso kwa Vidole

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafungua duka langu hapa Tarime mjini, simu ikaita. Alikuwa mume wa Mwalimu. Hakusalimia. Alisema tu, "Mwalimu ametutoka alfajiri," akakata. Ninyi wasomaji wa siku zote wa safu yangu hii mnajua mimi si mtu wa kukosa neno, lakini nilikaa kwenye ngazi ya duka na funguo mkononi mpaka jirani yangu, mama muuza vitenge, akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza nani, nikasema mteja, na hapo hapo nikalionea aibu neno hilo. Nilichokuwa nacho asubuhi ile hakikuwa huzuni peke yake, kulikuwa na hofu. Mwalimu aligongwa na pikipiki Jumanne, akitoka dukani kwangu, na kwa hesabu zangu mimi ndiye mtu pekee niliyejua kwa nini hakuiona ile pikipiki.

Nimewaambia mara nyingi, pengine mpaka mmechoka, kwamba nilianza na sanduku la kushonea viatu na leo nina mashine mbili za kukata stika. Kuanzia Sirari mpaka Mugumu, ukiona gari lina maandishi yanayomfanya mtu ageuke, uliza nani kayakata. Sifa hizo ndizo zilizomleta Mwalimu. Alikuwa akifundisha hesabu sekondari moja huko Gorong'a, mama wa makamo yangu na kuzidi kidogo, amebakiza miaka miwili kustaafu. Alitaka kujua kama mashine inayokata herufi ndogo kama punje ya mchele inaweza kukata karatasi ya manila. Akatoa kwenye mkoba umbo la karatasi lenye nyuso nane, limepinda kama kiatu kilichonyeshewa. Akasema wanafunzi wake hukata kwa mkasi muhula mzima, na mwisho pembe hazikutani, kisha mtoto anaamini hesabu ndiyo mbovu kumbe mkasi ndio mbovu. Alitaka mashine ikate umbo likiwa limelazwa, ikwaruze mistari ya kukunjia bila kuipasua, ili mwanafunzi akunje, apake gundi, na kitu kisimame mbele yake chenye nyuso nne, au sita, au kumi na mbili, au ishirini. Nilimwambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Mimi kazi yoyote huwa ni ya nusu saa.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Sisi watu wa stika, mashine ikimaliza kukata, kazi inayofuata ni kubandua taka, yaani kila kisicho herufi kinang'olewa. Mkono wangu umeifanya kazi hiyo miaka na miaka hata hauniulizi tena. Yale maumbo ya Mwalimu yalitoka na vijipande vimechomoza pembeni, kimoja huku, kimoja kule, nami nikaona mchoro wake una uchafu. Nikakaa alasiri nzima na wembe nikivipunguza kimoja kimoja, maumbo ya madarasa mawili mazima, kazi safi ya kuwekewa kioo. Alipokuja aliishika karatasi ya kwanza, ya umbo la nyuso kumi na mbili, ambalo likilazwa huwa kama maua mawili yaliyoshikana. Akapitisha kidole pembeni yote. Akaniuliza kwa upole, akiniita kijana kwa lugha yetu, "Mura, nimeagiza maumbo, umeniletea maua. Kuna msiba?" Wasaidizi wangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kumbe vile vijipande ni masikio ya gundi, bila hivyo umbo halina pa kushikana. Nikamwambia Nairobi ndivyo wanavyokata siku hizi. Akaniambia Nairobi watakuwa na gundi ya miujiza.

Tulirudia kazi ile, yeye amekaa pembeni yangu, na ndipo aliponikamata. Aliniambia kila ukingo uwe sentimita nne nukta tano, nami nikaandika arobaini na tano. Mashine ikaanza kuvuta karatasi kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikailaumu kompyuta. Mwalimu hakubishana. Alingoja wasaidizi waende kula, akauliza, "Uliishia la ngapi?" Nikasema la saba, kama ninavyowaambia ninyi humu kila ninapopata nafasi. Akasema, "Sijauliza unachowaambia watu." Nikamjibu la nne. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule Mbalibali na ng'ombe hawakungoja mitihani. Hakucheka wala hakunionea huruma. Kuanzia siku hiyo kila alipoleta kazi alikuwa akinifundisha nukta, huku watu wakidhani anakagua ubora. Leo napima mpaka nusu milimita, na mhariri anayeninyooshea sentensi ni shahidi kwamba hesabu zangu hazinyooshi.

Siri yangu ilikuwa kwake, kisha siri yake ikaja kwangu. Siku moja nilimwekea umbo la nyuso ishirini mezani upande wake wa kushoto, pua yake ikiwa inatazama dirishani. Akaniambia, "Lete basi nilione." Nikadhani ananitania. Mkono wake ukapapasa meza, ukalipita, ukarudi, ukalipata. Halafu akaanza kuhesabu nyuso kwa vidole, kila uso akiugonga, na nikakumbuka kwamba miezi yote ile sijamwona akikagua kazi kwa macho. Nilimuuliza. Akasema ni presha ya macho, mbele anaona kama anayechungulia ndani ya bomba, pembeni ni giza, hasa kushoto. Daktari alimpa dawa ya matone na onyo. Ubaoni mistari ilishaanza kumpotea, ndiyo maana alikimbilia maumbo ya karatasi. Alikuwa anatafuta namna ya kufundisha kwa mikono kabla hawajamtoa darasani. Nilimwambia mkuu wake wa shule lazima ajue, na nyumbani pia. Akaliweka lile umbo kiganjani mwangu. "Nilizinyamazia nukta zako," akasema, "nawe ninyamazie macho yangu."

Nikanyamaza. Mimi, ambaye nikinunua fulana mpya soko zima linajua bei. Nilijiambia ni uaminifu, na upo ukweli ndani yake, lakini chini ya uaminifu ule palikuwa na kitu kingine, nacho ni kwamba niliogopa akifunuliwa na mimi nitafunuliwa. Nilichofanya ni kumsindikiza. Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni akaachwa hapo, unamtoa mpaka njiani, mnaongea, mnaagana, mnaongea tena. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona kila mara nikimbebea boksi lake na kumvusha barabara mpaka ng'ambo. Nilikaa upande wake wa kushoto. Hatukuwahi kulizungumza. Jumanne ile walikuja wateja kutoka Mugumu, wanataka fulana za harusi, watu wa kazi kubwa, nikaona nikitoka watakwenda kwa mwingine. Mwalimu akasema, "Kaa na wageni wako." Nikamwambia dakika mbili tu. Aliningoja, naapa aliningoja kidogo pale mlangoni. Kisha nikasikia honi, na breki, na watu.

Mwendesha pikipiki ni mtu mzima, baba wa watoto watatu, wa ukoo mwingine, si wa Mwalimu wala wa mumewe. Polisi walimweka ndani siku ile ile. Ijumaa mchana nilipofika msibani nilikuta maneno yameshachemka. Vijana wa upande wa marehemu walikuwa wakiulizana pikipiki imehifadhiwa kituo gani na nyumba ya mwenyewe iko upande gani. Wazee wa ukoo wa yule bwana walikuwa wamekuja kutoa pole, wamekalishwa nje ya lango juani, hakuna aliyewapa hata maji. Habari yenyewe waliyoileta kutoka kwa ndugu yao ndiyo iliyowasha moto zaidi: eti alipiga honi, mama akamgeuzia bega badala ya kugeuza kichwa, akaingia barabarani kama anayeingia jikoni kwake. Watu walisema anamtukana marehemu. Mimi nilijua hasemi uongo. Wanaotujua sisi watu wa huku wanajua jambo la namna hiyo likiachwa mpaka baada ya mazishi linaweza kwenda wapi, na si mimi wa kuwasimulia. Nilikaa na sahani ya ugali mapajani, nikihesabu: nikisema, nitakuwa nimemvua nguo marehemu mbele ya watu na kujivua na mimi, nisiposema, itamwagika damu nyingine kwa kosa ambalo sehemu yake ni yangu.

Nilimtafuta mume wake nikamkuta nyuma ya nyumba, kwenye zizi, ameshika ufito bila kazi. Nikamwambia, kama tunavyomwita baba, "Tata, kuna kitu najua. Mwalimu alikuwa haoni pembeni." Nilitegemea anipige. Aliuegemeza ule ufito kwenye zizi. Halafu akasema, "Nilidhani ninajua mimi peke yangu." Kumbe Mwalimu alimwapisha naye, kama alivyoniapisha mimi. Yeye naye alikuwa na namna yake: kila asubuhi alitembea naye mpaka shuleni akijifanya anakwenda kutazama shamba lililo upande huo, shamba ambalo hata halikuwa limelimwa. Wanaume wawili, kila mmoja akimlinda upande wake wa kushoto, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Lau tungeongea siku moja tu, tungepanga zamu. Sijui kama kuna kitu kimewahi kuniuma kama hicho.

Wazee wa ukoo wa mume walikuwa wamekaa ritongo, ndicho kikao chetu cha kuamua mambo, pale pale uani. Mume aliingia akaomba wale wazee waliokalishwa juani waingizwe kwanza. Wakaguna, lakini ni mfiwa, wakakubali. Akasema ya mkewe kwa maneno machache, nami nikasimama kumalizia. Nilieleza jinsi nilivyokuwa namvusha na jinsi ambavyo Jumanne sikumvusha. Kijana mmoja akaniuliza kwa dharau, "Na wewe tajiri, mdomo wote huo, ulinyamaza kwa nini?" Pale uani walikuwepo wateja wangu, wanangu wawili, na watu ambao nimewasimulia habari za la saba kwa miaka. Nikajibu, "Kwa sababu niliishia la nne, na yeye alijua." Wachache walicheka, kisha wakaacha. Mzee mmoja wa upande wa mwendesha pikipiki alivua kofia, akaketi chini badala ya kwenye kiti alichopewa. Tulizika Jumamosi na wale wazee wakiwepo. Jumatatu mume alikwenda kituoni kuandika maelezo, mimi nikaandika ya kwangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Yule bwana bado ana la kujibu, maana mwendo wake nao haukuwa wa kistaarabu, na sijui kesi itaishia wapi. Vijana wametulia. Nasema wametulia, sisemi wamesahau, na bado nikisikia honi dukani natoka mbio mpaka barabarani.

Nimekuwa nikijiuliza sisi watu wa huku tumejifunza wapi kuficha. Mwalimu aliogopa macho yake yasimnyang'anye darasa. Mimi niliogopa la nne lisininyang'anye jina, na jina lenyewe, niwaambie ukweli, halijapungukiwa na hata mteja mmoja tangu niseme. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemsaidia kuficha, na pengine walituonea haya. Nilikuwa nikijisifu kwamba siri niliyopewa haitoki. Hizi sifa sasa sizitaki. Mwenzako akiwa na jambo linaloweza kumtoa uhai, usilifanye la wawili. Nenda naye kwa watu wa nyumbani kwake, useme yeye akiwa amekaa hapo hapo anakusikia. Atakasirika, na pengine hatakusemesha mwaka mzima. Mwache akasirike. Atakuwa anakasirika akiwa hai.