Kuku Asiyerudi Nyumbani

Jumapili ya pili ya Majilio tulisomewa habari za Yohana nyikani: mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Tukaitikia amina, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama ilivyo kawaida ya usharika wetu hapa Babati.

Mzee wa kanisa akainua tetea mwekundu aliyetolewa na bibi mmoja wa Nakwa. Bwana mmoja mwenye suti akaongeza bei mpaka wengine tukanyamaza. Alipokabidhiwa kuku, akampelekea bibi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Rudi naye tu nyumbani."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akaficha mikono ndani ya kanga. "Nikirudi naye, nitakuwa nimetoa nini?"

Bwana akabaki amemshika kuku mbali na suti yake.

"Kuna binti amejifungua kule Singe, jirani na mashine ya kusaga," bibi akamwambia. "Mpelekee huyo."

Bwana akaondoka na kuku kwapani, akiuliza njia. Sisi wengine tulikuwa tumejipanga kumsubiri Mtoto wa Krismasi. Bibi alikuwa na habari za mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na mama yake hajanywa supu.