Mashine Niliyoilazimisha Kushika Sabato

Niliacha shule darasa la tatu na sijawahi kuililia. Nilichonga mawe kule Tabaka, kwenye machimbo, mpaka vidole vikafa ganzi, nikawauzia vinyago wafanyabiashara walionidharau huku wakinihitaji, na jasho hilo ndilo lililojenga maktaba hapa Ekerenyo. Mimi mwenyewe nasoma kwa shida. Walionicheka wakati huo, leo watoto wao wanagombania viti humo ndani.

Vitabu vingi vilitoka kwa familia. Kwetu mtu hatoi Biblia ya marehemu baba yake ili ipotee, kwa hiyo niliwaahidi: njoo siku yoyote, utaambiwa kitabu chako kiko rafu gani, au nani amekiazima. Niliapa mbele ya watu. Kuitunza hiyo ahadi nilimwajiri mama mmoja wa upande wa ziwa, Mkatoliki aliyesomea kazi ya vitabu. Alikaa zaidi ya mwaka akiandika kila kitabu kwenye kompyuta, pamoja na jina la familia iliyokitoa.

Programu ililetwa na kampuni moja ya Kisii mjini. Viatu vyenye ncha, Kiingereza kingi.

"Mzee wetu, programu hii ni ya bure," msemaji wao alisema. "Haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuibadilisha. Sisi unatulipa kwa kuihudumia tu."

Nilielewa kuliko alivyodhani. Kule Tabaka hakuna anayemiliki umbo la kiboko. Ukichonga kiboko mzuri leo, kesho jirani anaye kama huyo, na hakuna kesi. Unalipwa kwa kazi ya mkono wako. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni wachongaji. Niliwapa sifa wasiyostahili.

Sasa, mimi ni Msabato. Ijumaa saa kumi jioni kwangu kila kitu kinafungwa, na sikuona kwa nini mashine ya maktaba ibaki ikifanya kazi kama mpagani. Kila Ijumaa niliuchomoa waya ukutani mwenyewe. Yule mama alikuwa akiniomba nusu saa peke yake kabla sijachomoa. Nilidhani ni rozari.

Mwezi wa tatu mashine ilikataa kuamka. Msemaji wa kampuni alikuja akacheka mpaka akashika meza.

"Omogaka, mzee wangu, umeiua kwa dini! Mashine inazimwa polepole, haichomolewi kama jino. Wacha tuifufue kwetu, na orodha ikae kwenye mashine yetu mjini. Ile hailali."

"Mzee," mama wa maktaba akasema, "muulize kwanza kama tutaweza kuichukua orodha yetu siku tukiitaka."

"Mama, wacha wanaume waongee," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema. Siwezi kuyafuta maneno hayo. Nikawakubalia kampuni.

Tangu siku hiyo mvua ikinyesha mtandao unakatika, na orodha haifunguki. Ukiwapigia simu, inalia mpaka inachoka. Halafu akaja bibi mmoja mjane kutoka Keumbu. Alitaka kitabu cha nyimbo cha marehemu mumewe, waimbe kutoka humo kwenye kumbukumbu yake. Kwenye rafu hakikuwepo. Kilikuwa kimeazimwa zamani, na jina la aliyekiazima lilikuwa ndani ya ile mashine isiyolala. Mvua ilikuwa inanyesha, na kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Bibi akakaa kwenye benchi, akaniangalia.

"Wewe si uliapa?" akaniuliza.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao nikaomba orodha yangu.

"Orodha iko kwa mfumo wetu, mzee," msemaji wao akasema. "Ukituacha, inabaki huku."

"Si ulisema haina mwenyewe?"

"Programu ndiyo haina mwenyewe. Mfumo ni wetu."

"Kijana, nimewaona wezi wa mawe Tabaka. Wale angalau wanabeba mzigo mgongoni."

Nilirudi maktabani mikono mitupu. Nilimweleza mama wa maktaba. Alifungua kabati akatoa mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na flashi ya kompyuta.

"Kila Ijumaa, Mzee. Nilijua utachomoa."

Orodha yote, mpaka Ijumaa ile ya mwisho kabla mashine haijafa. Hiyo ndiyo ilikuwa rozari yake. Akaichukua ile programu mwenyewe kutoka mtandaoni, akaiweka kwenye kompyuta kuukuu. Alipokwama aliandika maswali, na watu asiowajua, wa nchi nisizoweza hata kuzitamka, wakamjibu bila kumdai shukrani. Hao ndio wachongaji. Wale wa viatu vyenye ncha ni watu wa kusimama mlangoni pa shimo la mawe wakidai mlima ni wao.

Kitabu cha nyimbo kilikuwa kwa mchungaji. Alikuwa amekikalia muda wote huo! Nilikwenda kukitoa mwenyewe, na sikukubali chai yake. Nikakipeleka Keumbu. Bibi alikipokea, akapangusa jalada kwa kitambaa cha kichwani, akafunga mlango. Hakunishukuru, na sikumdai.

Msemaji wa kampuni alirudi baadaye akitaka niweke sahihi kwenye barua inayosema waliniletea maendeleo. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi imekaribia. Nikamwacha amesimama na kalamu yake, nikaenda ukutani penye waya.

"Mama, umemaliza?" nikauliza.

"Bado kidogo, Mzee."

Nikangoja.